Maneno Chini ya Picha ya Ikonge

Picha ilipanda kwenye ukurasa wa mtandaoni wa ubalozi saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mwezi wa tano. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika mwenyewe, kama nilivyoandika saa ya kila kitu nilichopandisha mwaka ule, katika daftari la mistari mipana lenye jalada la kijani. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Onchiri, mkulima wa chai wa Ikonge, na nilipokuwa nimekaa chini ya hema nikisikiliza wasifu wake ukisomwa, niligundua kwamba msomaji aliuruka mwaka ule wote. Alitoka kwenye kufiwa kwake na mke akaenda moja kwa moja kwenye kuchaguliwa kwake kuwa mzee wa kanisa, na waombolezaji wakaitikia amina mahali palipostahili. Wachache tu tulijua kwamba kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na siku kumi na tano ambazo mtu huyu hakuweza kupita sokoni. Niliporudi nyumbani Nyanchwa nilivua viatu vyenye matope, nikatoa kisanduku chini ya kitanda na kulitafuta daftari. Sitaeleza nilikozaliwa wala nilivyoacha shule; hayo yanafanana na ya watu wengi na hayakuchangia lolote katika jambo hili.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na nilikuwa nimepanga ofisi, nusu ya chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Nusu ya pili ilikuwa ya fundi cherehani aliyeitwa Mama Nyaboke. Kati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi usiofika darini, kwa hiyo mimi nilijua vipimo vya viuno vya wateja wake, naye alijua kila barua ya kuomba kazi niliyomchapia mtu. Chumba kilinuka rangi ya mafuta kutoka dukani chini na mvuke wa pasi kutoka kwa Mama Nyaboke. Nilikuwa na kompyuta moja, mashine ya kuchapisha iliyokwama kila ilipohisi mvua, na rafu ya vitabu nilivyonunua kimoja kimoja kwa wauzaji wa barabarani: kamusi tatu, kitabu cha sheria za mikataba, kingine cha mbinu za uandishi wa habari ambacho kilikosa kurasa za mwisho. Kiswahili nilikijua kama watu wengi wa kwetu wanavyokijua, kwa darasa na kwa kusoma. Nyumbani tulisema Ekegusii. Labda ndiyo maana nilikishika kwa uangalifu mwingi, kama mtu aliyeazimwa nguo nzuri.

Kazi ya ubalozi niliipata kwa utovu wa adabu. Kulikuwa na ukurasa wa ubalozi wa nchi moja ndogo ya Ulaya, ambayo sitaitaja, na ukurasa huo uliandika Kiswahili kibaya. Siku moja niliwaorodheshea makosa kumi na moja kwa namba, bila hata salamu. Nilitarajia wanifungie. Badala yake aliniandikia kijana anayeitwa Lukas, afisa wao wa habari, akauliza kama ningependa kulipwa kuyazuia makosa hayo kabla hayajatokea. Tulikubaliana mkataba wa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba. Yeye angeniletea maneno kwa Kiingereza, mimi ningeyageuza na kuyapandisha mwenyewe, kwa hiyo alinipa funguo za ukurasa.

Lukas alinifundisha kazi hiyo kwa simu, kwa subira, kama mtu anayefundisha mwenzake kuendesha baiskeli. Zamani, aliniambia, balozi alizungumza na waziri, na waziri akawaambia watu wake kama alitaka. Sasa balozi anazungumza na watu moja kwa moja, na waziri anasoma kwenye simu yake kama mwananchi mwingine yeyote. Hiyo waliiita diplomasia ya umma, na ilikuwa na kanuni zake, ambazo nilizinakili. Mwananchi awe katikati, balozi pembeni, kwa sababu watu wamechoka kuona wanaume waliovaa suti. Sura ziwe kubwa kwa sababu skrini ya simu ni ndogo, kinachozidi kikatwe. Habari ipande wakati jambo bado linatendeka, kwa sababu habari ya jana haina mgeni. Kila Ijumaa Lukas alituma taarifa makao makuu ya nchi yao, akieleza watu wangapi walipenda, wangapi walisambaza na wangapi waliandika maoni. Nilivutiwa sana na kazi hii. Nilikuwa mwanamke wa nusu chumba mjini Kisii, na kila asubuhi serikali ya ng'ambo ilisema nilichoandika. Leo ninaona kwamba hapo ndipo palipokuwa na hatari. Neno langu lilipanda likiwa na bendera pembeni, na msomaji hakuona mtu wa kumwuliza. Aliona serikali.

Kila mwezi palikuwa na safari waliyoiita Kikombe na Balozi. Balozi alikwenda kwa mwananchi, akanywa kikombe cha chai nyumbani kwake, picha ikapigwa. Mwezi wa tano ilikuwa zamu ya Nyamira. Kamati ya wakulima wa Ikonge ilimchagua Mzee Onchiri kwa sababu majani yake hayakuwahi kukataliwa kwenye kituo cha kununulia chai. Mimi nilibaki Kisii. Safari kama hizo zilihitaji mtu mmoja aliye karibu na umeme na mtandao wa kuaminika. Saa tano kasoro dakika mbili picha iliingia kutoka kwa Lukas pamoja na sentensi moja ya Kiingereza, ambayo ilisema kwamba mkulima wa chai Onchiri na mke wake Kemunto wanamkaribisha Balozi shambani kwao. Katika picha palikuwa na mwanamume aliyepita miaka sitini, amevaa koti la kanisani, na mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyejifunga leso kiunoni. Nyuma yao chai ilishuka mteremko hadi mtoni. Mikono yao ilikuwa imeshikana mbele ya kikapu.

Nilisita. Mwanamke alikuwa mdogo mno. Nilimpigia Lukas mara tatu, na mara tatu niliambiwa hapatikani. Alikuwa ameituma picha kutoka barabarani juu; huko chini shambani mtandao ulikuwa haushiki. Balozi angeondoka saa sita, na kanuni ilisema jambo lipande likiwa bado linatendeka. Basi nilifanya nilichokiita uchunguzi. Niliitazama mikono. Kwetu kuna heshima tunayoiita ensoni, na mtoto yeyote wa Kisii au Nyamira anaijua kabla hajajua kuhesabu: baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Hampi mkono hata kwa salamu, haingii nyumbani kwake, hakai naye meza moja. Nilijiambia, kama huyu angekuwa mkamwana, mikono isingeshikana. Kwa kuwa imeshikana, ni mke, labda wa pili. Lukas, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa amebahatisha tu. Mimi nilithibitisha kosa lake kwa ushahidi wa desturi yangu mwenyewe. Nikaandika: "Mzee Onchiri na mkewe Kemunto, wakulima wa chai wa Ikonge." Nikapandisha.

Hadi jioni picha ile ilikuwa imependwa kuliko picha yoyote ya mwaka ule, na waziri wa mambo ya nje wa nchi yao aliisambaza kwenye ukurasa wake. Lukas aliniandikia maneno ya pongezi. Nilikula chapati mbili badala ya moja.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa ninachapa hati ya mauzo ya shamba nikasikia wateja wawili wa Mama Nyaboke wakicheka nyuma ya plaiwudi. Mmoja alikuwa na simu na alikuwa anamwonyesha mwenzake picha. Alisema mzee huyu anajua kuchuma, anachukua majani mawili na chipukizi tu, yaliyo machanga. Mwenzake akaivuta simu karibu, akasema, "Ngoja. Huyu msichana ninamjua. Ameolewa na kijana anaitwa Nyakundi, mtoto wa huyu mzee. Nyakundi yuko Ghuba, huko Uarabuni, ni mlinzi."

"Basi ni sawa," wa kwanza alisema. "Nyakundi analinda huko, mzee anamlindia huku."

Mama Nyaboke aliacha kukanyaga cherehani ili acheke vizuri. Nilifungua ukurasa. Sikuwa nimesoma maoni tangu usiku uliotangulia, kwa sababu yalikuwa mengi na nilidhani yote ni ya furaha. Kati ya pongezi za wageni palikuwa na mstari mwingine kabisa wa mazungumzo, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili cha vijana, ambao ubalozi mzima haukuweza kuusoma na mimi sikuwa nimeusoma. Kijana mmoja alikuwa amemwita Nyakundi kwa jina akamwandikia: "Salimia mama mdogo." Wengine arobaini walikuwa wamelipenda neno hilo. Nilimpigia Lukas, safari hii akapatikana. Alisikitika, akasema tufute mara moja, na saa tisa na dakika kumi picha haikuwepo tena. Niliandika katika daftari: imefutwa, jambo limekwisha. Maneno hayo mawili ya mwisho ningali nikiyatazama kwa aibu.

Alhamisi asubuhi mwanamke wa kwenye picha alipanda ngazi zangu. Alikuwa amevaa sweta la kijivu na viatu vya Sabato, akashika mkoba mbele kwa mikono yote miwili. Kamati ya wakulima ndiyo iliyomwelekeza kwangu. Hakukaa.

"Wewe ndiye umeniozesha kwa baba mkwe wangu?" aliuliza.

Cherehani upande wa pili ilinyamaza. Nilimjibu kwamba ni mimi. Nafikiri alikuwa amejitayarisha kwa mtu atakayekana, kwa sababu jibu hilo lilimfanya akae. Kisha Kemunto alinieleza, taratibu, kama mtu anayetoa taarifa kituo cha polisi. Waliambiwa mgeni anakuja kunywa chai. Katika nyumba ile hawanywi chai. Wao ni Waadventista Wasabato wanaoshika sana imani, wanailima na kuipeleka kituoni lakini jikoni haiingii. Walimpikia balozi uji wa wimbi, wakauweka katika vikombe vya kauri ili picha isiharibike. Mgeni alikunywa wote, akafurahi, akawaita shambani. Hapo alichukua mkono wa mzee kwa kulia na mkono wa Kemunto kwa kushoto, akaiweka pamoja na kuishikilia kwa chini kwa mikono yake, kama ishara ya nchi yao kwamba sasa sisi ni kitu kimoja. "Nilihisi kama nimeshika moto," Kemunto alisema. "Lakini ni balozi. Utamwambia nini, acha?" Walijinasua mara moja, ila kamera ilikuwa imeshalia.

Nilifungua picha nzima ambayo Lukas alikuwa amenitumia baadaye kwa kumbukumbu. Mikono ya balozi ilikuwepo, mikubwa, myekundu, ikiishikilia mikono yao kwa chini. Ilikuwa imekatwa ili sura ziwe kubwa.

Nilimwambia Kemunto kwamba picha imeshafutwa. Hapo ndipo aliponionyesha simu yake. Nyakundi hakuwa amempigia tangu Jumanne, wala hakumpigia baba yake. Alikuwa ameandika mara moja tu, Jumatano jioni, baada ya kwenda kwenye ukurasa wa ubalozi kutafuta picha na kuikosa. Wenzake katika kambi ya walinzi walikuwa wameihifadhi katika simu zao. Aliandika: "Kama ni uongo mbona wamefuta?" Chini yake aliongeza kwamba hadi mwisho wa mwezi Kemunto awe amerudi kwao Nyacheki, na kwamba mtoto, msichana wa miaka minne, atabaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walilipwa wote.

Niseme nilichokielewa asubuhi ile, kwa sababu ndicho nilichokipata mwaka ule na sijakipata katika kitabu chochote tangu hapo. Sisi wa ukurasani tulidhani kufuta ni kurudisha mambo yalivyokuwa. Kwa mtu aliye mbali, mwenye simu tu mkononi na wenzake wanaomcheka kambini, kufuta ni kitendo kipya, na kitendo hicho kinafanana sana na kuficha.

Jumapili nilikwenda Ikonge. Mzee Onchiri alinipokea sebuleni kwake, chumba cha saruji nyekundu iliyopigwa nta, viti vyenye vitambaa vya kufumwa, na ukutani kalenda za kanisa za miaka mingi zimepangwa kwa mfuatano bila hata moja kutolewa. Marehemu mkewe alikuwa katika picha moja juu ya mlango. Nililetewa ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyochemshwa na maziwa hadi uchungu ukaisha, na maziwa ya mgando katika kibuyu. Kemunto aliniwekea chakula akarudi hadi mlangoni, na kila alipotaka kusema jambo alilisema akiwa pale, uso umeelekea uani. Mzee alikuwa hajaenda kanisani jana yake, mara ya kwanza tangu mazishi ya mkewe. Majani ya juma lile yalipelekwa kituoni na jirani. Alisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya barabara.

Nilimwomba radhi kwa Ekegusii, nikamweleza yote, hata lile la kuitazama mikono na kujiridhisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika hapo alicheka kidogo kwa pua.

"Kwa hiyo ulitukosea kwa sababu unatujua," alisema.

Nilimwuliza anataka ubalozi ufanye nini. Nilifikiri atataja mbuzi, au kikao cha wazee. Alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kwa siku tano na jibu lake lilikuwa tayari. Hakutaka fidia. Hakutaka picha irudi, hata kwa dakika moja. Alitaka maneno. "Nikimpigia mtoto wangu nikamwambia sikufanya, mimi ni mshtakiwa najitetea. Kemunto akisema, ni hivyo hivyo. Serikali ya watu ndiyo ilisema. Hiyo serikali iseme tena, mahali pale pale iliposemea." Kutoka mlangoni Kemunto aliongeza kwamba mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Jumatatu nilimweleza Lukas. Sitamfanya mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alinisikiliza hadi mwisho na aliuliza jina la mtoto. Kisha akasema haiwezekani. Kusahihisha, kwa alivyofundishwa, ni kulipatia kosa maisha ya pili. Watu elfu kadhaa ambao hawakuona aibu hiyo wataiona sasa. Tena waziri wao alikuwa ameisambaza picha ile. Ubalozi ukisema ulikosea, waziri atakuwa amekosea, na huko kwao magazeti yatataka kujua nani alimpotosha. Nilimwambia kwamba watu elfu kadhaa si tatizo letu, tatizo letu ni msomaji mmoja. Akasema ataomba balozi amwandikie mzee barua rasmi, yenye mhuri, ya kuomba radhi. Alifanya hivyo kweli, na haraka kuliko nilivyodhani. Barua ilifika Kisii kwa basi Jumatatu iliyofuata, karatasi nzito ya rangi ya maziwa, na Jumanne niliipeleka Ikonge.

Mzee Onchiri aliigeuza, akaupapasa mhuri kwa kidole gumba, akanirudishia. Alisema ni barua nzuri. "Sasa nitamwonyesha nani? Nyakundi hakuona barua. Aliona simu."

Pembeni mwa mlango, chini ya picha ya marehemu, palikuwa na begi la nailoni la Kemunto lililofungwa zipu. Mtoto alikuwa amekaa juu yake akila ndizi.

Nimesoma mengi tangu wakati ule kuhusu mabalozi na mitandao, na karibu yote yanasifu jambo lile lile: kwamba sasa serikali inaweza kuzungumza na mkulima bila mtu katikati. Mimi nilikuwa mtu huyo katikati, na ninajua nilikuwepo. Kila ukurasa wenye bendera una mtu aliyekaa mahali fulani akiwa na haraka, akiitazama picha iliyokatwa. Serikali ilipokataa kusema ilikosea, nilijiuliza ni nani hasa aliyesema. Si balozi, yeye hakujua Kiswahili. Si Lukas, yeye aliandika Kiingereza ambacho hakuna mtu wa Ikonge aliyekisoma. Maneno yaliyofika kambini kwa Nyakundi yalikuwa yangu, na nilikuwa nimeyaficha nyuma ya bendera ya watu bila mtu yeyote kunilazimisha.

Jumatano asubuhi niliteremka kutoka Nyanchwa hadi mjini kwa miguu. Bodaboda watatu walipunguza mwendo wakinikaribisha na nikawapungia wapite, kwa sababu nilitaka kuzipanga sentensi kabla sijafika. Nilikuwa nimeusoma mkataba usiku uliopita. Kifungu cha nane kilisema kwamba mtu akipandisha kitu bila idhini, mkataba unakoma siku hiyo. Kilikuwa kimeandikwa vizuri na sikuona tundu ndani yake. Niliingia ofisini, nikamsalimu Mama Nyaboke, nikawasha kompyuta, na saa tatu na nusu nilipandisha sentensi nne bila picha yoyote:

"Wiki mbili zilizopita ukurasa huu ulisema kwamba Kemunto wa Ikonge ni mke wa Mzee Onchiri. Si kweli: Kemunto ni mke wa Nyakundi, mwana wa Mzee Onchiri. Mikono yao haikushikana, ilishikanishwa na mgeni asiyejua desturi zetu, na mikono ya mgeni ikakatwa kwenye picha. Maneno yale niliyaandika mimi, Bosibori, mfasiri wa ukurasa huu, bila kuuliza, na ninaomba radhi."

Maneno bila picha hayasomwi sana. Lukas alikuwa amenifundisha hilo na lilikuwa kweli: watu kumi na mmoja walipenda, na mmoja wao alikuwa Mama Nyaboke, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Aliyaacha mavazi ya bibi harusi mezani akaja kukaa kwenye kiti cha wateja wangu. Saa sita na dakika kumi sentensi zangu zilitoweka. Ubalozi ulikuwa umeziona. Nilipojaribu kuingia tena, funguo zilikataa. Sentensi zilikuwa zimekaa hewani saa mbili na dakika arobaini, na sikujua kama kuna mtu wa Ghuba aliyeziona.

Kemunto alinipigia jioni ile, kabla ya giza. Katika kambi kule kulikuwa na kijana wa Nyamira, yule yule aliyeandika habari ya mama mdogo, ambaye hakuacha kuukagua ukurasa wa ubalozi akitafuta vichekesho zaidi. Alizisoma sentensi zangu, akapiga picha ya skrini, akamsubiri Nyakundi atoke zamu. Hakumwambia kitu, alimpa simu tu. Saa kumi Nyakundi alimpigia baba yake, mara ya kwanza baada ya siku kumi na tano. Hakuna aliyetaja picha. Aliuliza kama ndama amezaliwa, mzee akasema amezaliwa, dume. Aliuliza kama mvua imeharibu njia ya kituo, mzee akasema kidogo tu, pale kwenye daraja. Kisha Nyakundi akasema, "Tata, mpe mke wangu simu." Mzee aliiweka juu ya meza, akatoka nje akaenda kusimama kwenye chai, na Kemunto akaingia akaichukua. Zaidi ya habari ya kijana yule, alichoambiwa hakunieleza, wala sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba alikuwa anafungua begi.

Ijumaa Lukas alinipigia mwenyewe, badala ya kunitumia barua tu, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema ameandika katika taarifa yake kwamba kosa lilikuwa lake pia, kwa kuikata picha, lakini kifungu cha nane hakikuwa mikononi mwake. Aliuliza kuhusu mtoto. Nilimwambia mtoto yuko nyumbani kwao na mama yake yuko naye. Akauliza kama nimepiga hesabu ya kilichonigharimu. Nilikuwa nimepiga. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba, Juni hadi Desemba, kwa shilingi elfu ishirini na tano kila mwezi. Nilimsomea jumla kutoka kwenye daftari, naye akaniomba niirudie ili aiandike sawasawa katika taarifa ile ya Ijumaa: shilingi laki moja na elfu sabini na tano.